Lemmens, Mwalimu wa Wapiga Kinanda

Katika nchi ya Ubelgiji, upande wa kaskazini, kuna sehemu iitwayo Kempen. Udongo wake ni mchanga. Zamani watu wa Kempen walikuwa maskini, maana mchanga ule uliwapa mavuno kidogo tu, hata wakilima kwa bidii. Huko, katika kijiji cha Zoerle-Parwijs, alizaliwa mtoto tarehe 3 Januari 1823. Jina lake Jacques-Nicolas, na jina la ukoo Lemmens.

Mtoto huyo alipokuwa na miaka 11 alianza kujifunza kinanda kwa fundi mmoja aliyeitwa Van den Broeck. Lakini kabla ya kuendelea yafaa mjue kinanda hicho ni kitu gani.

Ninyi watoto mnajua kinanda kidogo cha kanisani, ambacho mpigaji hukanyaga vibao viwili ili kukitia upepo. Katika makanisa makubwa ya Ulaya kinanda ni kitu kingine kabisa. Ni kikubwa kama nyumba. Kina mabomba mamia mengi, mara nyingine maelfu, mengine ya bati na risasi, mengine ya mbao. Bomba dogo ni fupi kama kidole, na bomba kubwa laweza kupita mita 5. Kila bomba lina sauti yake moja tu. Siku zile hapakuwa na umeme. Watu wenye nguvu walisimama nyuma ya kinanda wakisukuma mivukuto, kama mhunzi anavyovukuta moto wake, na upepo ukaingia katika mabomba. Mpigaji huketi mbele ya safu mbili, tatu au hata nne za vibao vya vidole. Tena chini ya miguu yake iko safu nyingine ya vibao virefu vya mbao. Hivi havikanyagwi kwa ajili ya upepo. Miguu nayo hupiga wimbo, yaani zile sauti nene za chini zinazotetemesha viti vya kanisa. Basi mpiga kinanda hufanya kazi kwa mikono na miguu pamoja, na macho yake yasome mistari mitatu ya noti kwa mara moja.

Wakati Lemmens alipokuwa mtoto, wapiga kinanda wengi wa Ubelgiji hawakujua kazi hiyo ya miguu. Vinanda vingi vya huko vilikuwa na vibao vichache tu vya chini, na mpigaji aliweka mguu mara moja moja, kama mtu anayepapasa gizani. Na nyimbo zenyewe? Mara nyingi watu walisikia ndani ya Misa nyimbo za ngoma, nyimbo za askari, na zile za tiatro. Padri yuko altareni, na huko juu kinanda chacheza arusi. Wimbo wa Gregori, ule wimbo wa zamani wa Kanisa, uliimbwa kwa sauti nzito na polepole mno, kila noti kama jiwe linaloangushwa chini.

Mwaka 1839 kijana Lemmens aliingia chuo kikuu cha muziki cha Bruxelles. Hakukaa. Baba yake aliugua, naye akaacha masomo akarudi nyumbani. Alikuwa mbali na chuo kwa muda wa miaka miwili. Katika miaka hiyo mji wa Diest ulitafuta mpiga kinanda wa kanisa, watu wakashindana, na Lemmens akashinda. Angeweza kukaa Diest maisha yake yote: kazi alikuwa nayo, na mshahara. Lakini alirudi Bruxelles, akaketi tena darasani.

Mkuu wa chuo alikuwa Bwana François-Joseph Fétis, mtu mwenye elimu nyingi na maneno makali. Fétis alihuzunika kwa kuona vinanda vya nchi yake vinavyopigwa vibaya. Alikuwa akitafuta kijana mmoja wa kumtuma mbali akajifunze vizuri, kisha arudi kufundisha wenzake. Akamtazama Lemmens. Mwaka 1845 kijana alipata tuzo ya kwanza ya utungaji, na tuzo ya kwanza ya kinanda. Mwaka uliofuata serikali ikalipa gharama, na Lemmens akasafiri mpaka mji wa Breslau, ambao siku zile ulikuwa wa Prussia, na leo ni mji wa Poland uitwao Wrocław.

Huko alikaa fundi mkubwa, Adolf Hesse. Kwa nini kwenda mbali hivyo? Sababu ni Johann Sebastian Bach. Bach alikufa mwaka 1750, na watu husema kwamba hakuna aliyemzidi katika kutungia kinanda. Bach alimfundisha Kittel, Kittel akamfundisha Rinck, na Hesse alikuwa amejifunza kwa Rinck. Ni kama ufundi wa kuyeyusha chuma: hauandikwi wote katika kitabu, mzee humwonyesha kijana kwa mkono wake. Wataalamu wengine wa leo wanashuku kama ufundi wa Bach ulifika kwa Hesse bila kubadilika njiani. Huenda haukufika wote. Hata hivyo Lemmens alikaa Breslau mwaka mmoja, naye aliporudi alikuwa na cheti cha Hesse, cha kusema kwamba mwalimu hakuwa na kitu kingine cha kumwongezea.

Mwaka 1849 akawa mwalimu wa kinanda katika chuo cha Bruxelles. Alikuwa na miaka 26.

Alifundishaje? Alianza na miguu. Mguu mmoja una sehemu mbili za kupigia, ncha na kisigino. Basi miguu miwili ina sehemu nne. Mwanafunzi alipaswa kuzitumia zote, tena bila kutazama chini, mpaka sauti za chini zifuatane bila kukatika, kama maji ya mto. Vidole vivyo hivyo. Kidole kimoja kikiwa juu ya kibao, kingine huja kukipokea pale pale kabla ya kile cha kwanza kuondoka, na sauti haikatiki. Kazi hiyo inachosha sana. Mwanafunzi aweza kurudia mistari minne ya noti asubuhi nzima, na jioni mwalimu amwambie aanze upya.

Mwaka 1852 Lemmens alipiga kinanda katika kanisa la Saint-Vincent-de-Paul, mjini Paris. Kinanda kilikuwa kipya, kazi ya fundi mashuhuri Aristide Cavaillé-Coll. Mafundi wa Paris walikuja kusikiliza, wakastaajabu kuona miguu inayokimbia hivyo na mwili uliotulia. Tangu siku zile Cavaillé-Coll alipomwona kijana Mfaransa mwenye kipaji alimshauri aende Bruxelles kwa Lemmens. Hivyo walikuja Alexandre Guilmant, kutoka mji wa Boulogne kando ya bahari, na Charles-Marie Widor, kutoka Lyon. Wote wawili walisifiwa baadaye duniani pote. Widor alipiga kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris tangu 1870 mpaka 1933. Guilmant alishirikiana na wenzake wawili kuanzisha mjini humo, mwaka 1894, shule ya muziki iitwayo Schola Cantorum.

Na jambo moja la Afrika. Widor alimfundisha kijana wa Alsace aitwaye Albert Schweitzer. Huyo, ingawa hakuwa Mkatoliki, alikuja Gabon mwaka 1913 kama mganga, akajenga hospitali Lambaréné, kando ya mto Ogooué. Marafiki wa Paris walimpa piano yenye vibao vya miguu, iliyofunikwa kwa zinki ndani ili unyevu na mchwa visiiharibu. Usiku, baada ya kuwahudumia wagonjwa, daktari alipiga nyimbo za Bach kwa vidole, ncha na kisigino, jinsi Widor alivyofundishwa na Lemmens. Basi somo la Bruxelles lilisikika hata katika msitu wa Gabon.

Mwaka 1862 Lemmens alitoa kitabu chake kikubwa, kiitwacho École d'orgue, yaani shule ya kinanda. Sehemu ya kwanza ni mazoezi, na nyingine ni nyimbo za kupigwa. Vyuo vya Bruxelles, Paris na Madrid vilikipokea. Katika jina la kitabu aliandika kwamba msingi wake ni wimbo wa Kanisa la Roma. Neno hilo lilikuwa na maana kwake, maana hata wakati aliposifiwa na watu wengi hakusahau kazi ya kinanda ndani ya Misa.

Lakini yafaa kusema kweli yote. Lemmens naye alitunga wimbo mmoja unaoiga tufani, wenye upepo na ngurumo ndani yake, na watu wakaupenda kupita nyimbo zake nyingi nzuri. Kupenda makelele si kosa la watu wa kijijini peke yao.

Mwaka 1857 alikuwa amemwoa Helen Sherrington, Mwingereza, mwimbaji mwenye sauti ya juu iliyopendwa sana. Mke aliimba katika kumbi kubwa za London, na kwa sababu hiyo waliishi Uingereza kwa muda mrefu. Lemmens alipiga huko vinanda vikubwa, na hata harmonium, kile kinanda kidogo cha upepo, akakitungia nyimbo. Maisha yao yalikuwa mazuri. Jina lake lilijulikana Paris na London, na wanafunzi wake walishika vinanda bora vya Ulaya.

Na Kempen? Na vijiji vya Flandria na Brabant? Huko hali ilikuwa bado kama alivyoiacha. Chuo kikuu hufundisha watu wachache wenye vipaji vikubwa, nao wakishakuwa mafundi hutafuta miji mikubwa. Hakuna fundi wa namna hiyo anayekwenda kukaa katika kijiji cha wakulima, kwa mshahara wa parokia. Katika vijiji vingi vya Ubelgiji mpiga kinanda alikuwa mwalimu wa shule, ambaye alishika pia kazi ya kutunza kanisa na kupiga kengele. Kinanda alijifunza kwa baba yake, na baba alijifunza kwa babu. Makosa ya babu yalirithiwa pamoja na kiti.

Lemmens alikuwa amepita miaka 50. Alirudi Ubelgiji, akaenda mbele ya maaskofu na shauri moja: ifunguliwe shule kwa ajili ya wapiga kinanda na viongozi wa kwaya za parokia. Shule hiyo isitafute kutoa watu wa kushangiliwa ukumbini. Iwatoe watu wanaojua Misa, wanaojua wimbo wa Gregori, na wanaojua kinanda vizuri kiasi cha kuusindikiza wimbo huo bila kuufunika. Maaskofu walikubali. Walichagua mji wa Malines, uitwao Mechelen kwa Kiflamani, makao ya askofu mkuu, ambaye siku zile alikuwa Kardinali Dechamps. Mwanzoni mwa Januari 1879 mlango ulifunguliwa. Lemmens alikuwa anatimiza miaka 56.

Mwaka ule haukuwa mwepesi kwa Kanisa la Ubelgiji. Tarehe 1 Julai 1879 serikali ilitoa sheria mpya ya shule za msingi: dini iondolewe katika masomo ya kawaida ya shule za serikali. Maaskofu waliikataa sheria hiyo. Wakristu wakaanza kujenga shule zao wenyewe, parokia kwa parokia, na walimu wengi wakaacha shule za serikali wakaja katika zile za Kanisa. Ugomvi ukaingia vijijini, hata ndani ya nyumba. Wabelgiji huiita miaka ile vita vya shule, navyo vilidumu mpaka 1884. Kila parokia ilihitaji matofali, madawati na mishahara. Katika wakati wa namna hiyo mtu angeweza kusema kwamba muziki ungoje kwanza. Shule ya Malines haikungojeshwa.

Wanafunzi walijifunza kinanda na piano, wimbo wa Gregori, na namna ya kupanga sauti nne zipatane. Lemmens hakutaka mwanafunzi ajifunze kutumia vidole tu. Alitaka asikie neno la Kilatini ndani ya noti, ajue sentensi yaanza wapi na yapumzika wapi, maana wimbo wa Gregori ni sala inayosemwa kwa kuimba. Juu ya jambo hilo alikuwa akiandika kitabu kingine. Hakuishi kukiona, kilichapwa mjini Gand mwaka 1886. Kwa kweli mawazo yake juu ya mwendo wa noti hayakufuatwa sana. Watawa wa Solesmes, katika Ufaransa, walisoma vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, wakaonyesha njia nyingine, na njia yao ndiyo Kanisa lililoifuata zaidi. Lemmens aliona ugonjwa vizuri, ila dawa nyingine waliipata wengine.

Miaka miwili tu alipewa. Tarehe 30 Januari 1881 Lemmens alikufa katika nyumba ya Linterpoort, karibu na Malines. Alikuwa na miaka 58.

Shule changa iliyosimama juu ya jina la mtu mmoja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Wanafunzi walikuwa wamekuja kwa sababu ya Lemmens. Sasa ni nani angewashika?

Waliitwa watu gani kufikiriwa haidhuru. Aliyepatikana alikuwa Edgar Tinel. Alizaliwa tarehe 27 Machi 1854 katika kijiji cha Sinaai, upande wa Flandria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda wa kanisa, mtu maskini. Tazameni basi: mkuu wa pili wa shule alikuwa mtoto wa mmoja wa wale ambao Lemmens aliwafungulia shule. Tinel alisoma Bruxelles tangu utoto wake. Mwaka 1873 alipata tuzo ya kwanza ya piano, na mwaka 1877 alipata tuzo kubwa ya watungaji, iitwayo tuzo ya Roma, kwa wimbo juu ya kengele Roeland ya mji wa Gand. Alipokuja Malines mwaka 1881 alikuwa hajafika miaka 30.

Kwa kinanda Tinel hakulingana na Lemmens. Yeye alikuwa mtu wa piano na wa utungaji. Lakini alikuwa na mambo mawili yaliyohitajiwa: moyo wa ibada na uvumilivu. Alikaa Malines miaka 28. Mwaka baada ya mwaka vijana walitoka kwake wakaenda katika parokia zao, mmoja hapa, mmoja pale. Yeye mwenyewe aliandika kitabu kidogo cha kufundisha wimbo wa Gregori, kilichotoka mwaka 1890.

Katika miaka hiyo alitunga pia kazi iliyompa jina, iitwayo Franciscus. Ni maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi yanayoimbwa na kwaya kubwa na waimbaji wa peke yao, pamoja na vyombo vingi, bila mavazi ya mchezo wala kuigiza. Iliimbwa mara ya kwanza Malines, mwezi wa Agosti 1888. Baadaye iliimbwa Ujerumani na hata Marekani. Ndipo watu waliokuwa hawajasikia habari za shule ile wakauliza Malines ni mji gani.

Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi alitoa maagizo yake juu ya muziki wa Kanisa. Aliagiza kwamba wimbo wa Gregori urudishwe mahali pake, kwamba nyimbo za tiatro zitoke kanisani, na kwamba kinanda kisindikize kuimba wala kisikufunike. Akataka pia shule za muziki wa Kanisa zisaidiwe, na mahali ambapo hazipo zianzishwe. Lemmens alikuwa amekufa miaka 22. Shule yake ilikuwa inafanya kazi hiyo tayari.

Mwisho wa mwaka 1908 kiti cha mkuu wa chuo cha Bruxelles kilikuwa wazi, na Tinel akaitwa kukikalia. Akaiacha Malines mikononi mwa Aloys Desmet. Tinel alikufa tarehe 28 Oktoba 1912. Baada ya Desmet alikuja padri mmoja mtungaji, Jules Van Nuffel, aliyeiongoza shule tangu 1918 mpaka 1952. Vita kuu viwili vilipita juu ya Ubelgiji katika maisha ya shule hiyo, nayo ikaendelea.

 Helen, mke wa Lemmens, mwaka ule ule aliofiwa na mumewe alishika kazi ya kufundisha kuimba katika chuo cha Bruxelles. Alikufa mwaka 1906.

Mwaka 1968 shule ilihama Malines, ikajengewa mahali papya katika mji wa Leuven. Siku hizi ni sehemu ya shule kubwa ya sanaa, nayo hufundisha muziki wa kila namna, wa kanisa na usio wa kanisa. Majengo yale ya Leuven bado huitwa kwa jina la Lemmens.